UZI: Nusu dola za kale za Marekani, utajuaje yako imepigwa na muhuri upi (mimi nilipigwa kwanza ndo nikajifunza)

Mzee wa Nusu Dola

Wakuu salama? Uzi ni mrefu, mwenye chai aisogeze karibu.

Niko huku Pennsylvania mwaka wa tisa sasa, kazi ya usiku, na mchana usingizi ukigoma huwa nachezea sarafu za kale. Kila nikisema bongo kwamba nakusanya sarafu watu wanadhani ni zile za status za wasap, "ukiwa na shilingi ya mwaka fulani mpigie huyu jamaa upate milioni mia", aisee achaneni na huo utapeli. Mimi naongelea sarafu mbili za mwaka mmoja, uzito mmoja, sura ileile, halafu moja inauzwa bei ya viatu vya mtumba grade one na nyingine bei ya gari, na ukiziweka pamoja tofauti yenyewe ni herufi moja imesogea kushoto kama unene wa unywele.

Nianze na nilivyopigwa. Miaka minne nyuma nikaona mtandaoni nusu dola ya 1817, muuzaji kaandika ni ile ya 7 juu ya 4 (muhuri ulikuwa na 4, wakapiga 7 juu yake). Hizo zinazojulikana duniani hazifiki 20, na yeye anataka dola 640 tu. Picha ina ukungu ila pembeni ya 7 unaona kabisa kimstari kimekaa kama mguu wa 4. Nikajiambia huyu kasikia jina tu, bei haijui, wacha nimuwahi kabla hajaamka. Tamaa wakuu. Nikalipa usiku huohuo nikiwa kazini, nimejificha chooni.

Sarafu ikaja, nikaenda nayo kwenye klabu ya wakusanyaji, kuna mzee pale ana miaka kama themanini. Akaishika kwa ubavu, akainamisha kidogo kwenye taa, sekunde tatu hazijaisha akaniuliza: hicho kimstari kimeinuka au kimezama? Nikaangalia na lensi, kimezama. Akanirudishia, akasema basi ni mkwaruzo, mtu kaikwaruza na msumari au imegongwa na funguo mfukoni.

Hilo swali ndo shule nzima. Muhuri wa kupigia sarafu umechongwa kinyume, kwahiyo chochote kilichokatwa au kupasuka kwenye muhuri, kwenye sarafu kinatoka kimeinuka. Tarakimu iliyofutwa ikabaki mabaki, imeinuka. Ufa wa muhuri, kwenye sarafu ni uzi mwembamba ulioinuka. Ila kilichoipata sarafu baada ya kuzaliwa, mikwaruzo, kugongwa, kung'atwa na mtu anayepima kama ni fedha, vyote vinazama. Ningelijua hilo ile dola 640 ingekuwa imejenga choo kijijini.

Maswali yaje halafu niendelee na jinsi mihuri ilivyotengenezwa, manake hapo ndo utamu ulipo.

Dogo wa Gongo la Mboto

Naweka kambi hapa. Mkuu chooni na simu umelipa zaidi ya milioni, umenikumbusha mikeka yangu 😂😂

Fundi Saa

Swali la kiufundi. Kama sarafu zinatoka kiwanda kimoja, muhuri si unakopiwa? Kwanini herufi zisogee?

Mzee wa Nusu Dola

Fundi Saa umeuliza penyewe.

Leo ndio, unachonga mmoja mama, unazaa mihuri elfu inayofanana. Ila kwenye kiwanda chao cha sarafu Philadelphia, miaka ya 1794 mpaka 1836, ilikuwa nusu kiwanda nusu karakana ya mhunzi. Walikuwa na chapa moja kubwa ya kichwa cha yule mama Uhuru na nyingine ya tai, hizo wanazikandamiza kwenye chuma cha muhuri. Vingine vyote, nyota, herufi, tarakimu za mwaka, fundi anashika panchi moja moja (kichuma chenye herufi au nyota nchani) na nyundo, anapiga kwa macho yake. Nyota 13 anapiga mara 13. UNITED STATES OF AMERICA hesabu mwenyewe. Sasa mtu wa hivyo akitengeneza muhuri leo na mwingine wiki ijayo haiwezekani zilingane, ni kama mwandiko. Leo kaamkia vizuri herufi zimenyooka, kesho kaamka na mning'inio T imelala.

Halafu kuna kukosea. Nawapa ninazozipenda:

1807, fundi alipiga 2 mahali pa 5 kwenye 50 C. (yaani senti 50), akashtuka, akapiga 5 juu yake, lile 2 bado linachungulia. 1813, alianza kuandika UNITED sehemu ya chini inapotakiwa kukaa 50 C., kafika UNI ndo akagundua. Akafuta nusunusu akapiga 50 C. juu, mabaki ya UNI unayaona mpaka leo. Na 1836 kuna yule aliyepiga 1336 kwanza, karudi nyuma miaka mia tano bila taarifa. Zote hizi ziliingia mtaani, mtu kanunulia unga nazo, hakuna aliyejali manake chuma cha muhuri kilikuwa ghali na kazi yake ndefu, huwezi kutupa muhuri kisa fundi kasinzia. Ndo maana pia muhuri wa mwaka jana ambao haujatumika wanaupiga mwaka mpya juu. Nusu dola za 1815 zote, zote kabisa, zilipigwa na pea moja tu ya mihuri na ile 5 imekaa juu ya 2, yaani ni muhuri uliochongwa kwa ajili ya 1812. Zilitoka 47,150 tu.

Mpenda Vya Kale

Hii ni kweli, mimi nina moja ya 1823 ambayo 3 yake imekatika katikati, za mwaka huo kuna walizoziita 3 iliyovunjika, 3 yenye kiraka, na 3 mbaya. Jina rasmi hilo, "3 mbaya" 😂

Naongezea kwa wageni, ubavu wa hizi za mpaka 1836 hauna mistari kama sarafu za sasa, umeandikwa FIFTY CENTS OR HALF A DOLLAR, maandishi yanazunguka. Ukikuta umelimwa mistari na mwaka ni 1820 weka chini ukimbie.

Kipara wa Tanga

Sawa lakini tuambiane hela iko wapi. Hayo ya fundi kuamka na mning'inio hayalipi ada ya shule.

Mzee wa Nusu Dola

Kipara nilijua utafika.

Hela iko kwenye uchache wa pea. Upande wa kichwa muhuri mmoja, upande wa tai muhuri mwingine, hizo mbili zikikutana wakusanyaji wanaiita ndoa. Na ndoa zenyewe ni za kiswahili haswa: upande wa tai ukipasuka, wa kichwa unaolewa na tai mwingine, wakati mwingine wanarudiana na wa zamani. Nusu dola za 1807 hadi 1836 zina ndoa zaidi ya 400. Al Overton akazipa namba kwenye kitabu chake cha 1967, ndo unasikia watu wanasema O-101, O-102. Ukiona kaherufi "a" nyuma, mfano O-105a, ni ndoa ileile ila uzeeni, muhuri umeshapasuka au umesuguliwa.

Kuna ngazi ya uchache, R-1 mpaka R-8. R-1 zipo zaidi ya elfu moja. R-5 ni kati ya 31 na 80 hivi. R-7 kuanzia 4 mpaka 12. R-8 hazizidi 3 dunia nzima. Sasa muuzaji wa kawaida anaweka kibandiko "1827, nusu dola" basi, bei moja. Ila 1827 peke yake ina ndoa 49! Walipiga zaidi ya milioni 5 mwaka ule. Kwahiyo kwenye sinia lake la sarafu kumi za 1827 kunaweza kuwa na tisa za kawaida na moja R-5, yeye hajui, wewe unajua, unalipa bei ya kibandiko unaondoka unapiga mluzi. Mimi imenitokea mara moja tu kwa miaka minne, nilinunua dola 95 nikakataa kuuza 400, mke wangu mpaka leo hajanisamehe.

Fundi Saa

Twende kwenye kuangalia. Nina lensi ya kazini. Naanzia wapi?

Mzee wa Nusu Dola

Anzia upande wa tai, wengi wanakosea wanaanza na kichwa. Juu ya tai kuna utepe umeandikwa E PLURIBUS UNUM, na juu yake ukingoni ni UNITED STATES. Tafuta I ya PLURIBUS, halafu tazama juu yake T ya UNITED imekaaje. Vuta mstari kwa macho kutoka I kwenda juu: unagonga katikati ya T? mguu wa kulia? unapita pembeni kabisa? Hapo tu kwenye 1827 umeshatupa nje zaidi ya nusu ya mihuri. Sababu herufi za juu zimepigwa kwa mkono moja moja, kwahiyo hako kanafasi kanabadilika kila muhuri.

Kisha shuka chini kwenye 50 C., angalia 5 na 0 ziko usawa mmoja au moja imepanda, nukta iko mbali au imebanana na C. Halafu ndo geuza uje kwenye kichwa. Nyota ya kwanza, ile ya chini kushoto, ncha yake inatazama jino la ukingo (vile vimeno vidogo vinavyozunguka sarafu) au uwazi kati ya meno mawili? Nyota ya mwisho iko umbali gani na kishungi cha nywele? Mwaka umebanana au umetanuka? Mimi huwa napiga picha sarafu yangu, naiweka juu ya picha ya namba ninayoidhania, nafifisha ya juu kwenye simu, nikizungusha mpaka tai zikae sawa, herufi zikisogea nimekosa, zikifunikana mwili wote unasisimka.

Na usiogope sarafu iliyochakaa. Ilimradi unaona I, T na nyota mbili tatu inatosha. Kichwa kinaweza kuwa kimelika kama sabuni lakini nafasi kati ya vitu hazihami.

Robo dola zina namba za Browning wa 1925, daimu (senti 10) namba zake zinaanza na JR, nusu daimu (senti 5) LM, dola nzima BB. Mwendo ni uleule ila vitabu tofauti.

Mpenda Vya Kale

Umesahau alama za kugongana mkuu.

Mzee wa Nusu Dola

Kweli. Mashine yenyewe ilikuwa ya parafujo, watu wanavuta mikono yake kwa nguvu zao, mvuke ulikuja 1836. Sasa kibati cha fedha kikichelewa kuingia, mihuri miwili inagongana uso kwa uso, kila mmoja anabaki na kovu la mwenzake. Ndo unakuta upande wa kichwa, chini ya kidevu cha mama, kuna mistari isiyoeleweka, ukiigeuza kwa akili unakuta ni ngao ya tai. Hizo alama na nyufa ndo zinakuambia ndoa ilikuwa changa au imeshachoka. Kuna 1807 moja ufa ulitokea penye kidevu mpaka wakaiita mama mwenye ndevu, nayo bei yake imechangamka.

Pweza wa Forodhani

Nimesoma kimyakimya. Sasa sisi watu wa visiwani mbona hamtutaji, au fedha za Marekani hazituhusu 😀

Mzee wa Nusu Dola

Pweza unatuhusu kuliko unavyodhani, na kisa chenyewe ni cha mihuri.

1833 mjumbe wa Marekani Edmund Roberts aliwekeana mkataba na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mwaka uliofuata serikali yao ikaagiza seti ya sarafu nzuri nzuri za kupeleka zawadi. Dola nzima za fedha zilikuwa zimeacha kupigwa zamani, wakafungua madaftari wakaona za mwisho ni za 1804, wakachonga mihuri mipya yenye mwaka 1804. Shida ni kwamba zile zilizopigwa 1804 zilitumia mihuri ya miaka ya nyuma, haikuwahi kuwepo dola iliyoandikwa 1804! Kwahiyo zawadi ya Sayyid Said ilikuwa na sarafu ya mwaka ambao haukuwa na sarafu. Roberts akaipeleka 1835 na meli Peacock, na meli hiyo ilitia nanga Unguja kwanza ndo ikaelekea Muscat, njiani ikapanda mwamba karibu na Masirah, Roberts akashuka na mashua kwenda kutafuta msaada. Sarafu inayoaminika ndo hiyo ya Sayyid Said iliuzwa mnada 1999 kwa dola 4,140,000.

Watu walibishana miaka na miaka zilipigwa lini. Mihuri ndo ilisema: ukingo wa hizo 1804 una shanga na kingo zilizosimama kama sarafu za miaka ya 1830, hakuna meno marefu ya kizamani. Halafu baadaye wafanyakazi wa kiwanda wakapiga nyingine kimagendo, hao wakanaswa kwa maneno STATES OF. Kwenye muhuri wa pili wa tai, herufi hizo zimekaa tofauti na mawingu yaliyo chini yake. Na moja wakaipiga juu ya sarafu ya Uswisi ya 1857! Sarafu ya "1804" imepigwa juu ya sarafu ya 1857, mtu utajitetea vipi hapo?

Pweza wa Forodhani

Kumbe ilipita Unguja. Basi leo nakunywa urojo kwa heshima.

Kipara wa Tanga

Mnadani 4.1 milioni, hapo sasa nimeelewa uzi 😂

Mpenda Vya Kale

Mzee tubishane kidogo. Ile nyota ya 13 yenye pengo kwenye ncha, kwenye nusu dola za 1807 mpaka 1817, wanasema ni saini ya siri ya John Reich yule Mjerumani aliyechonga. Mimi naona ni panchi iliyomeguka tu, watu wanapenda hadithi.

Mzee wa Nusu Dola

Mi niko upande wa saini. Panchi ikimeguka pengo lingetokea nyota zote 13, panchi si ileile? Hapa liko kwenye ile ya mwisho tu, muhuri baada ya muhuri, miaka kumi. Reich kaajiriwa 1807 kwa dola 600 kwa mwaka, chini ya Robert Scot, sarafu ya nchi nzima umeibuni wewe na jina lako halipo popote. Kaacha kazi 1817, pengo nalo likaacha. Mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo.

Mpenda Vya Kale

Hakuna karatasi aliyoandika lakini.

Mzee wa Nusu Dola

Saini ya siri ukiiandikia barua inakuwa ya siri tena?

Dogo wa Gongo la Mboto

😂😂😂 uzi huu usifungwe. Na feki mnazijuaje? Naona online zipo za dola 15

Fundi Saa

Mzani dogo. Mzee nisahihishe, nusu dola si gramu 13.48?

Mzee wa Nusu Dola

Ndiyo, mpya 13.48, upana kama milimita 32.5, iliyochakaa inapungua kidogo. Ila za siku hizi nyingine uzito zinapatia. Hapo muhuri unakusaidia tena: kama I na T na nyota hazilingani na ndoa yoyote ya mwaka huo, usianze kushangilia umegundua mpya, asilimia kubwa umegundua feki. Na ukiona sarafu mbili zina mkwaruzo uleule sehemu ileile, zote zimetoka kwenye muhuri ulionakiliwa kutoka sarafu iliyokwaruzwa. Mikwaruzo haina mapacha.

binti wa Mkunazini

Asalaam aleykum kaka zangu. Mimi si mjuzi, nimefuata jina la Unguja humu. Nina riale ya Maria Theresa, imeandikwa 1780, ilikuwa kwenye kasha la bibi mzaa mama Allah amrehemu. Upande wa tai mwenye vichwa viwili kuna mstari. Nimekuwa nikidhani imekwaruzwa.

Mzee wa Nusu Dola

Waleykum salaam dada. Hizo zote zimeandikwa 1780 hata zilizopigwa karne ya 20, mwaka hausemi kitu, zilipigwa Vienna, Roma, London mpaka Bombay. Zamani wenyewe walikuwa wanahesabu lulu za bruchi begani kabla ya kuipokea. Kwahiyo na wewe usiangalie mwaka. Zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu uilaze pembeni ya sarafu, isitoke juu. Kisha niambie huo mstari umeinuka au umezama.

binti wa Mkunazini

Subiri.

binti wa Mkunazini

Umeinuka. Unaanzia ukingoni juu ya bawa la kushoto, unapita katikati ya manyoya, unafia kwenye shingo ya tai.

Mzee wa Nusu Dola

Huo ni ufa wa muhuri dada, umezaliwa nao. Tafadhali sana usiisafishe, usiiguse na kitambaa wala dawa yoyote, piga picha pande zote na ubavu unitumie.

binti wa Mkunazini

Kaka yangu, jana niliisugua na majivu na ndimu.

Kipara wa Tanga

Innalillahi.

Mzee wa Nusu Dola

Tuma picha hivyohivyo dada. Ufa hautoki na ndimu.